Nilimsahaulisha Ming'oko Pigo la Mama Yake

Ni mimi niliyefanya. Si simu iliyokwama, si mtandao wa siku ile, wala si mchezo wenyewe kujibadilisha kama nilivyowahi kumwambia mtu mmoja aliyeniuliza. Ni kidole gumba changu hiki, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote.

Nimekaa na jambo hili mpaka limeninyima utulivu. Nikiwa kazini, kwenye kile chumba cha fotokopi kinachonuka wino na karatasi ya moto, mteja anataka nakala ya cheti, mimi nampa nakala ya kitambulisho. Nikikaa natamani kusimama. Nikisimama natamani kwenda. Nikienda najikuta kwenye njia ileile, Magomeni hadi Chikongola, hapa Mtwara mjini, napita mbele ya duka lilelile la simu na siingii. Basi leo nakuambia wewe usiyenijua. Jina langu naomba uliache lilipo.

Utacheka nikikwambia kwamba jambo lenyewe ni la mchezo wa simu. Cheka tu. Hata mimi nilidhani ni la kucheka, na hapo ndipo nilipoharibu.

Mchezo uko hivi. Unafuga mazimwi, unawafundisha mapigo, unawapeleka kupigana na mazimwi wa watu wengine. Kila zimwi anaweza kujifunza mapigo mengi, lakini anabeba manne tu. Manne! Akijifunza la tano, lazima asahau moja. Mchezaji wa kawaida huchagua manne makali, anapiga, anapigwa, anazima simu. Mchezaji wa mashindano ni kiumbe mwingine. Huyo anaweza kubishana kutwa nzima juu ya pigo moja, libebwe au liachwe, maana pigo moja likiingia linavuta jingine na kulifukuza la tatu. Kuyapanga hayo manne, ukayaoanisha na manne ya zimwi wa pili na wa tatu, mpaka kikosi kizima kivute pumzi moja, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sisi huku tunaiita kusuka. Mtu akikuuliza, "Kikosi hiki kasuka nani?" basi jua amekuvulia kofia.

Na aliyekuwa akisuka hakuwa mimi. Alikuwa Somoe.

Somoe ni binti wa mjomba wangu, kaka yake mama, anayelima korosho na muhogo Mpapura. Nimemtangulia kuzaliwa kidogo tu. Kama wewe si mtu wa kwetu, nikueleze kitu kimoja, maana bila hicho hutaelewa ubaya wangu. Kwetu, mtoto wa mjomba si ndugu wa kumwonea haya. Ni mtani. Anaweza kukutukana mbele ya watu, anaweza kuchukua kitu chako akaondoka nacho, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa.

Somoe aliitumia haki hiyo tangu hajaota meno yote. Sikukuu akininyang'anya paja la kuku mdomoni, mama yangu alicheka tu. Nikivaa shati jipya, anauliza marehemu alikuwa nani. Anasema kichwa changu kimekaa kama bibo la mkorosho lililodondoka kabla ya kuiva. Babu yetu alipofariki, alijilaza mlangoni akinizuia nisitoke, akidai hanyanyuki mpaka nilie vizuri, eti kilio changu kinamwaibisha mzee. Nilicheka katikati ya msiba, na baada ya kicheko kile ndipo machozi ya kweli yalipokuja. Alijua alichokuwa anafanya. Siku zote alijua.

Alikaa kwetu Magomeni miaka ya sekondari, na mchezo huu aliujulia kwenye simu yangu. Nilimfundisha mimi. Baada ya muda mfupi yeye ndiye akawa ananifundisha, kwa matusi. Nikichagua mapigo manne makali, ananipokonya simu. "Wewe unataka kila mtu afunge goli," anasema. "Pasi atatoa nani, bibi yako?" Namkumbusha kwamba bibi yangu ni bibi yake pia. Anasema ndiyo maana anamhurumia.

Aliporudi kijijini kusaidia shamba, tukagawana kazi. Yeye anasuka, mimi nacheza. Ananitumia sauti nzima za maelekezo, nyuma yake nasikia kuku na watu wakifagia majani, nami napanga kama alivyosema, kisha nakwenda Chikongola kwenye duka la fundi simu mmoja tunayemwita Bwana Vioo, ambako wachezaji hukutana. Nilishinda sana kwa mikono ya Somoe. Wakaanza kuniita Mwalimu. Sikuwaambia mwalimu anaishi Mpapura. Mwanzoni nilidhani haina maana kusema. Baadaye nikawa nimechelewa kusema.

Halafu Somoe akapata simu yake mwenyewe, kwa korosho za miti michache ambayo baba yake alimwachia. Akaanza kusuka kikosi chake. Katikati ya kikosi hicho alikuwepo zimwi mmoja wa matope, mzito, mwenye sura ya kiazi. Alimpa jina la Ming'oko, kama vile viazi pori tunavyochimba huku, kwa sababu anakaa ardhini na hana haraka na mtu.

Nikueleze alivyomsuka, uone nilichokivunja.

Pigo la kwanza la Ming'oko lilikuwa Kuzama. Anatumbukia kwenye tope, hapigiki, akiibuka amevaa gamba jipya. Akizama tena, gamba la pili juu ya la kwanza. La pili lilikuwa sumu, inamwasha adui polepole, mithili ya mafuta ya ganda la korosho yakikudondokea mkononi. La tatu Kunyonya, la kurudisha nguvu. Na la nne, ambalo ndilo roho ya kikosi, liliitwa Kurithisha. Akilitumia, Ming'oko anatoka uwanjani na magamba yote aliyojikusanyia yanamvaa zimwi anayeingia baada yake. Anayeingia ni mwepesi na mkali, na sasa hapigiki. Ming'oko mwenyewe hamwangushi mtu. Anakusanya, anavumilia, anapigwa, kisha anampa mwenzake.

Kurithisha hakufundishwi. Zimwi huzaliwa nalo, amelipata kwa mama yake, na mama kwa mama yake. Somoe alifurahi sana alipoligundua hilo; alisema hata mazimwi wana akili, wamefuata upande wa mama kama ukoo wetu. Alizalisha kizazi baada ya kizazi. Kila mtoto akizaliwa na Kurithisha lakini akiwa na kasoro nyingine, anamlea, anamzalisha, anamwachia huru kwa kuwa banda la mchezo lina nafasi chache. Mpaka akampata Ming'oko. Nyuma yake hakuna aliyebaki. Ukoo wote ulikuwa umeishia kwa huyo mmoja.

Ndipo yakatangazwa mashindano ya mikoa ya kusini. Mshindi wa kwetu angekwenda Dar kucheza na washindi wa mikoa mingine. Somoe akasema safari hii anacheza yeye, kwa jina lake. Nilimwambia vizuri. Moyoni kitu kilinichoma, kidogo tu, kama mchanga ndani ya kiatu.

Alikuja mjini siku moja kabla. Sheria ilitaka kila mchezaji afunge kikosi chake alasiri ile, na kikishafungwa hakiguswi ila kwa kumwomba mwamuzi kabla muda haujaisha. Nyumbani kwetu mtandao ni wa kubahatisha, na Somoe alikuwa jikoni na mama, wanamenya muhogo wa wageni, mikono imejaa utomvu. Akanipa simu yake akiishika kwa viwiko.

"Nenda kwa Bwana Vioo kafunge," akasema. "Bonyeza funga. Usiguse kingine. Nakujua."

Nilikwenda. Jua lilikuwa kali, vumbi limekaa juu ya kila kitu. Dukani nilimkuta Bwana Vioo ameinamia simu ya mtu, na Hamisi, mchezaji mwenzetu, yuko kwenye benchi na wenzake wawili. Hamisi akataka kuona kikosi. Hapo ningesema si changu. Badala yake nikampa simu.

Akapekua. Alipofika kwa Ming'oko akacheka mpaka akainama.

"Zimwi huyu anakwenda vitani au anakwenda kulala? Mapigo manne, hata moja la kumtoa mtu kamasi hakuna." Akaniangalia. "Mwalimu, hiki umesuka wewe?"

Sijui kwa nini sikusema hapana. Nilisema tumesaidiana.

Basi kicheko chote kikahamia kwangu. Wakanionesha kwa vidole lile pigo la nne. Hili la kukimbia uwanja la nini? Mwalimu siku hizi anafundisha kukimbia? Nilijaribu kueleza na nikajikuta naeleza vibaya, nusu nusu, kwa sababu usukaji ule nilikuwa nautumia tu, sikuwahi kukaa nao mpaka mwisho. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyocheka. Vidole vyangu vikaanza kuwasha. Ndugu yangu, huo ndio ugonjwa wangu, siwezi kuacha kitu kilivyo! Nikiona mlango umefungwa lazima nijaribu kitasa.

Ming'oko alikuwa amefikia kiwango cha kujifunza Radi, pigo kali la kuchana anga. Somoe alikuwa amelikataa. Mimi nikalifungua. Mchezo ukaniambia kwa Kiingereza chepesi kabisa kwamba Ming'oko atasahau Kurithisha, je, nina hakika?

Nilisoma. Usiseme sikusoma. Nikawaza: huu ni utani tu. Kesho ataliona Radi atanitukana, kisha litamwokoa, kisha tutacheka mpaka uzeeni. Si ameninyang'anya vitu vingapi maisha yake yote? Nikabonyeza ndiyo. Hamisi akajipiga kofi la paja. Nikafunga kikosi.

Ni hapo tu, nikiwa narudi Magomeni na simu mfukoni, ndipo nilipokumbuka kwamba mama zake wote Ming'oko walikuwa wameachiwa huru.

Somoe aliniuliza kama nimefunga. Nikasema nimefunga. Akauliza kama sikugusa kitu. Nikamwuliza ningegusa nini. Akaniambia mikono yangu ni ya nyani aliyeokota redio, akarudi kwenye muhogo wake akiimba. Laiti ningesema pale pale! Muda wa kufunga vikosi ulikuwa bado haujaisha. Angeweza kuomba afunguliwe, akamweka kando Ming'oko, akapanga njia nyingine. Nilikuwa na alasiri nzima ya kusema. Niliitumia kuzungukazunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Kesho yake asubuhi duka lilijaa hadi barazani. Bwana Vioo, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, alikuwa ameunganisha simu kwenye televisheni ili kila mtu aone. Mjomba alikuja pia. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na alikuwa ameacha kazi asubuhi hiyo. Pindo za suruali yake bado zilikuwa na njano ya salfa. Hakuujua mchezo wenyewe. Alikuja kumwona mwanawe akiitwa jina lake mbele ya watu, basi.

Somoe aliwatoa wawili wa kwanza kama mtu anavyotoa mwiba. Fainali ikawa yeye na Fredi, kijana wa bandarini ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Mbeya, mtu mpole anayecheza kama anasahihisha mitihani.

Raundi za mwanzo Somoe aliongoza. Kisha akamtoa Ming'oko.

Yale mapigo manne yakajipanga kwenye televisheni, makubwa, kila mtu anayaona. Kuzama. Sumu. Kunyonya. Radi.

Somoe hakupiga kelele. Alisogeza kidole juu, akakisogeza chini, kana kwamba lile la nne limejificha mahali. Kisha akageuka akanitazama.

Fredi ndiye aliyeinua mkono kuomba wasimame. "Dada," akamwuliza, "hiyo ndiyo seti uliyoisuka wewe?"

"Siyo," Somoe akasema. "Kuna pigo limetolewa."

Bwana Vioo akaacha kiti chake. Akaeleza sheria, na ninaikumbuka sheria ile kuliko dua nilizofundishwa utotoni. Kama kikosi kimeguswa na mtu bila ridhaa ya mwenyewe, mechi inafutwa, mwenye kikosi anasuka upya na mechi inarudiwa. Na yule aliyegusa hachezi tena hapo. Kisha akaniangalia, kwa sababu alikuwepo niliponunua aibu ile. Aliniona nimeshika simu, ingawa hakuona nilichofanya. Hamisi akatazama miguu yake.

"Wewe ndiye uliyeleta simu jana," Bwana Vioo akasema. "Ulikibadilisha kikosi bila yeye kujua?"

Neno moja tu lilihitajika. Ndiyo. Mechi ingefutwa, Somoe angecheza upya, mimi ningetolewa. Nikaona jinsi ambavyo wangenitazama, Mwalimu aliyekamatwa. Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

"Tulikubaliana," nikasema. "Huyu ni binamu yangu, ananitania. Mnamjua alivyo. Anataka kuniaibisha mbele za watu."

Duka lote likacheka.

"Anasema uongo," Somoe akasema, na wakazidi kucheka, kwa kuwa ndivyo anavyoniambia kila siku ya maisha yetu. Akasema hajawahi kukubali. Wakacheka. Akasema kwamba mimi ni mwizi, na mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Kila neno la kweli alilotoa liligeuka mzaha likiwa bado hewani. Alimtazama baba yake. Na mjomba, mzee wa watu aliyetoka shambani kwa ajili yake, ambaye ametuona tukitukanana tangu tunatambaa, alikuwa anacheka pia, anafuta machozi kwa kofia.

Hapo Somoe akaacha kumtazama baba yake. Akageukia televisheni akasema tuendelee.

Alijaribu lile Radi mara moja. Ming'oko hajalelewa kupiga. Radi yake ilimgusa zimwi wa Fredi kama ukucha. Akazama, akajikusanyia magamba, na hakuwa na pa kuyapeleka. Alianguka nayo yote mgongoni. Waliofuata waliingia watupu, wakaanguka mmoja mmoja. Fredi alishinda na hakufurahi. Alimpa Somoe mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akisema neno ambalo sikulisikia.

Somoe alipanda pikipiki nyuma ya baba yake. Hakunitukana wakati wa kuondoka. Nilidhani amechoka.

Mimi sikupata adhabu yoyote. Hilo ndilo linalonitesa. Niliendelea kuitwa Mwalimu, nikaendelea kucheza, ila vikosi nilivyosuka mwenyewe vilikuwa vibovu kama ugali wa maji baridi. Nikachukua zimwi mwingine wa aina ya Ming'oko kutoka mwanzo, nikazalisha, nikasaka mama mwenye Kurithisha, sikufanikiwa. Nikimpata mwenye pigo hilo, mmiliki hataki kubadilishana. Nikamtumia Somoe sauti za kumchokoza. Alijibu kwa maandishi. "Asante kaka, sote hatujambo."

Kaka! Somoe hajawahi kuniita kaka.

Msimu wa kuokota korosho ulipofika nikaenda Mpapura. Njiani nilijiandaa kwa matusi, niliyatamani. Niliwakuta uani, Somoe na mama yake wanatenganisha korosho na mabibo, harufu ile tamu ya bibo lililoanza kuchacha imejaa uani kote. Aliponiona alisimama. Akanawa mikono. Akaniletea kiti, akakifuta kwa upande wa khanga, akaniletea maji na kunipa kwa mikono miwili akiwa amepiga goti, kana kwamba mimi ni mgeni aliyetoka wizarani.

"Karibu kaka. Habari za Mtwara?"

Mama yake aliacha bibo mkononi akatutazama. "Ntoto wewe," akamwambia, kwa ile sauti yao ya bara, "leo huyu hana kichwa cha bibo?"

Somoe akasema si vizuri kumsema mgeni. Mama yake akanyanyuka taratibu, akasema anakwenda kuangalia moto, ingawa jikoni hakukuwa na moto.

Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu Hamisi na kicheko chake, kuhusu swali la mchezo nililolisoma na kulijibu, kuhusu tabasamu langu. Nikamwambia hatukuwa tumekubaliana, na kwamba pale dukani nilijua nasema uongo. Nikalia, si kwa aibu tu; kuna kitu kilinitoka. Alisikiliza huku anaendelea kunyofoa korosho.

"Najua, kaka," akasema. "Nilikuwepo."

"Basi nitukane."

"Siwezi."

"Somoe, nakuomba. Niambie neno lolote baya."

Akainua uso. Hakuwa na hasira, na ningeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Siku ile nilisema kweli na watu wakacheka," akasema. "Baba yangu alicheka. Neno lolote kali nitakalokuambia mimi, ushalifanya mzaha. Nimebaki na maneno ya adabu tu kwako. Hayo hakuna anayeyacheka."

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema yeye hana haja ya kuambiwa kilichotokea. Waambiwe wale wasiojua, pale pale dukani, na baba yake awepo. Nikaahidi. Nilimwahidi huku nimeshika bakuli lake la maji, na nilipotoka nje ya ua ule nilikuwa na hakika kabisa kwamba nitakwenda Jumamosi ile ile.

Jumamosi nilikuwa na kazi nyingi. Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha. Unaona ninavyokwenda.

Juzi nilipita tena mbele ya duka. Mlango ulikuwa wazi, na ndani Fredi alikuwa ameweka simu mezani kwa sauti kubwa, mikono yake iko kwenye simu nyingine. Sauti iliyokuwa ikitoka ilikuwa ya Somoe, na kuku wa kwao nyuma. Walikuwa wanasuka. Kwa niliyoyaelewa, Fredi aliporudi kutoka Dar alikuja na zimwi jike mwenye Kurithisha, amebadilishana na mtu huko, na sasa wanaanza ukoo upya.

"Fredi, hebu niambie," Somoe alikuwa anasema, "bandarini wanakupa mizigo ukiwa na akili hizo hizo? Radi ya nini? Ungekuwa kontena wangekurudisha ulikotoka."

Fredi hajui bado kujibu. Kwao labda hawafanyi hivi, au wanafanya na watu wengine. Alicheka tu, akafuta Radi, akauliza sasa aweke nini. Akatukanwa tena kwa kuuliza. Bwana Vioo naye alikuwa anacheka, na kioo cha simu ya mtu kimemlegea mkononi.

Nilisimama barazani nikimwonea wivu mtu anayetukanwa. Sijui kama utanielewa. Nilitamani kila neno lile liwe langu. Fredi akainua macho akaniona, akasema kwa furaha, bila nia mbaya, "Somoe, binamu yako huyu hapa mlangoni."

Sauti iliyokuwa ikitoka mezani ikabadilika, ikawa laini, imenyooka.

"Habari za leo, kaka. Wasalimie nyumbani."

Nikasema nzuri. Nikasema nitawasalimia. Nikaenda zangu.

Basi wewe unayesoma hapa, mwenye mtani wako, binamu, shemeji, rafiki wa kukutukana mbele ya wakwe, msikilize mtu aliyeuharibu wake. Chukua kuku wake, ficha kiatu chake, mcheke mpaka achoke. Lakini kitu alichokilea kwa mikono yake, kizazi baada ya kizazi, usikiguse kwa kuwa tu haruhusiwi kukukasirikia. Na siku atakapogeuka mbele ya watu akasema umemkosea, usicheke. Usiwape watu kicheko wakamzika nacho. Sema ndiyo, nimekosa, siku ile ile, mbele ya watu wale wale, kabla hawajatawanyika. Ukichelewa watatawanyika, na utabaki unatafuta wengine wa kuwaambia, watu wa mbali wasiomjua wala kukujua, kama nilivyokutafuta wewe.

Mimi hapa nimeandika kila kitu isipokuwa jina langu. Kwa hiyo bado sijasema.